Mwita upepo na nahodha: jinsi ya kutengeneza gemu ya watu wanne kwa mawimbi ya ubongo na kamba ya mkononi

Kila tukiipeleka gemu yetu ya ngalawa mahali, maswali ni yale yale. Inasoma mawazo? Inapiga shoti? Mwanangu anaweza kuvaa? Na mimi nikitaka kutengeneza yangu, nianzie wapi? Majibu mafupi: haisomi, haipigi, anaweza kama mwenyewe anataka na wewe umeridhia, na unaanzia hapa chini.

Nimemwandikia mtu wa Dar mwenye laptopu, anayejua Python kidogo, asiyeona haya kuzunguka Kariakoo akiuliza bei duka kwa duka. Huhitaji kuwa daktari wala injinia. Unahitaji subira, maana siku ya kwanza utaona mistari inayotetemeka tu na utadhani umeuziwa kitu kibovu.

Gemu yenyewe iko hivi. Ngalawa mbili zinashindana kutoka Msasani hadi kisiwa cha Bongoyo, zote kwenye skrini moja. Kila ngalawa ina watu wawili. Nahodha anashika usukani wa mbao, anaiona skrini na anaruhusiwa kusema. Mwita upepo amevaa mkanda wa kupima mawimbi ya ubongo na ameshika demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga. Akifumba macho na kutulia, upepo unaongezeka, ila sasa haoni kitu. Akifumbua, anaona bahari, lakini upepo unapungua. Tufani ikija lazima alegeze demani upesi, la sivyo ngalawa inapinduka, na atajuaje kama nahodha hajamwambia? Gemu nzima imekaa hapo.

Nadharia kidogo, halafu basi

Seli za ubongo zikifanya kazi kwa pamoja hutoa umeme mdogo unaofika juu ya ngozi ya kichwa. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, aliunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa EEG. Ni umeme mdogo kweli: mikrovolti 10 hadi 100 hivi. Betri ya rimoti ina volti 1.5, kwa hiyo mawimbi haya hata yakiwa makubwa ni sehemu moja kati ya elfu kumi na tano za betri hiyo. Ndiyo maana kila kitu kinayavuruga: kope, taya, jasho, hata waya wa feni.

Tunalotafuta sisi ni wimbi la alfa, linalopanda na kushuka mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Kwa watu wengi linakua mtu akifumba macho na linafifia akifumbua, hasa upande wa kisogoni. Berger mwenyewe aliliona hilo. Ni ishara kubwa, haihitaji mafunzo, na anayeanza anaweza kuiona kwa macho yake kwenye skrini. Usianze na ile habari ya kuwaza mkono wa kushoto na wa kulia. Ipo na inafanya kazi, lakini inataka elektrodi (vipande vinavyogusa ngozi na kunasa umeme) nyingi na mazoezi ya muda, na hata hivyo wapo wanaojaribu wasiiweze kabisa.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Mikanda miwili ya EEG. Sisi tunatumia Muse 2, ambayo ina elektrodi mbili kwenye paji la uso na mbili nyuma ya masikio, na hupima mara 256 kwa sekunde. MindWave ya NeuroSky ni ya bei rahisi zaidi, ila elektrodi yake ni moja tu, kwenye paji la uso, na alfa hapo ni hafifu. Mikanda huagizwa nje. Ulizia ushuru kabla hujalipa, na uhakikishe toleo unalonunua limo kwenye orodha ya BrainFlow, maktaba ya programu ya kusoma mikanda ya aina hii.
- Bodi mbili za ESP32, yaani kompyuta ndogo zenye waifai, moja kwa kila ngalawa.
- Voliumu nne za redio za kilo-omu 10. Angalia maandishi yake: unataka B10K, si A10K. Yenye A ni ya sauti, haipandi sawasawa, na usukani utakuwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine.
- Mbao, kamba ya katani, vibiringo viwili vya uzi vya fundi cherehani, na tyubu kuukuu ya baiskeli. Kama useremala huuwezi, mafundi wa Keko watakuchongea usukani kwa mchoro wa penseli tu.
- Laptopu moja, au tatu kama unaweza kuazima, pamoja na ruta ndogo au simu ya kurusha waifai.
- Pawabenki mbili, kitambaa safi, maji, na spiriti ya kufutia mikanda.

Bei sitaji. Nikiandika leo, wiki ijayo utaniita mwongo.

Hatua kwa hatua

1. Amua kazi ya ubongo, na iwe kazi ya polepole.

Hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hata hawajanunua kitu. Mtu anakuja na wazo: mchezaji akiwaza, risasi itoke. Haitatoka. Au itatoka sekunde mbili baadaye, wakati ameshauawa. Ili kupima alfa lazima ukusanye mawimbi ya sekunde mbili hivi ndipo upate namba ya kuaminika, na namba hiyo bado itakuwa inayumba.

Basi uliza: ni kitu gani duniani huja polepole, huyumba, na hakuna anayekilaumu kwa hilo? Upepo. Nahodha wa kweli halalamiki kwamba upepo umechelewa sekunde moja, anausubiri. Ukimpa ubongo upepo, udhaifu wake unageuka kuwa tabia ya bahari. Moto wa jiko, kina cha maji na ukungu vinafaa kwa sababu hiyo hiyo. Kuruka, kupiga na kukwepa mwachie mkono.

Wenzetu wa Sweden waliliona hili zamani na Brainball yao: watu wawili wanakaa pande mbili za meza, mpira unasukumwa kumwelekea mwenye wasiwasi zaidi, na aliyetulia ndiye anayeshinda. Hakuna kitufe hata kimoja.

2. Cheza kwanza bila umeme.

Chora bahari kwenye karatasi ya manila. Kete nne za bao ziwe ngalawa na miamba. Mtu mmoja awe "ubongo": kila baada ya sekunde tatu anarusha dadu na kutangaza upepo. Mwita upepo afumbe macho kweli, ashike kamba kweli, na nahodha ampigie kelele kweli. Kama haichekeshi hivi, mkanda wa kichwani hautaiokoa. Sisi jioni moja ya karatasi ilitufundisha kwamba miamba sita ni mingi mno, na kwamba tufani lazima itangulie kwa ngurumo ili hata aliyefumba macho apate kushtuka.

3. Tengeneza usukani na demani.

Usukani ni rahisi: mpini wa mbao umekaza kwenye mhimili wa voliumu, na voliumu imefungwa kwenye ubao.

Demani inataka akili kidogo. Kamba inazungushwa kwenye kibiringo, kibiringo kinakaa kwenye mhimili wa voliumu, na kipande cha tyubu ya baiskeli kinakirudisha mchezaji akilegeza. Sasa piga hesabu kabla ya kukata kamba. Voliumu hugeuka nyuzi 270 hivi, haimalizi mzunguko. Kibiringo chenye kipenyo cha sentimita 4 kina mzingo wa sentimita 12.6, kwa hiyo kamba itatembea sentimita 9 tu. Ukitaka mvuto mrefu, tumia kibiringo kinene. Kwa vyovyote vile weka kizuizi: funga fundo kubwa kwenye kamba, lipite ndani ya tundu la ubao na kugota kabla voliumu haijafika mwisho. Tulivunja tatu kabla ya kulijua hilo. Mtu mzima akisikia tufani inakuja havuti kistaarabu.

Nyaya: miguu ya pembeni ya voliumu, mmoja kwenye 3.3V na mwingine kwenye GND (hasi). Mguu wa kati wa usukani uende pini 34, wa demani pini 35. Usiguse 5V, pini za ESP32 hazivumilii. Kwenye programu, soma kila voliumu mara 16, chukua wastani, kisha tuma. Utapata namba kati ya 0 na 4095, lakini karibu na ncha zote mbili bodi hii haisomi vizuri, kwa hiyo panga mbao zako ili mchezo utumie sehemu ya katikati.

Neno moja kuhusu uzito. Kifaa cha kushika mkononi lazima kiwe na ukinzani. Kamba inayovutika bila nguvu haina raha, na mwita upepo aliyefumba macho anaijua ngalawa kwa kamba hiyo tu. Kaza tyubu hadi mkono uhisi kuna kitu upande wa pili.

4. Pata mawimbi safi ya mtu mmoja.

Mmoja tu kwanza. Usirukie wawili.

Futa paji la uso na nyuma ya masikio kwa kitambaa chenye maji. Mafuta, losheni na poda ni ukuta kati ya ngozi na elektrodi. Lowesha kidogo, halafu vaa, subiri dakika moja au mbili. Hereni nzito na miwani vitoke.

Nywele zetu hazipendani na kofia nyingi za EEG, maana zilibuniwa kwa nywele za wengine. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, alibuni vibanio vya elektrodi vinavyokaa katikati ya misuko iliyolala kichwani, ngozi ikiwa wazi. Mtu aliyesuka twende kilioni ataelewa mara moja wazo hilo lilivyo zuri. Mkanda wa paji la uso unatuepusha na sehemu kubwa ya shida, lakini si yote: wigi na rasta nzito husukuma mkanda kutoka nyuma ya sikio. Mchezaji mwenye ushungi avae mkanda chini ya ushungi, asaidiwe na mwanamke, mahali pa faragha. Panga hilo mapema badala ya kumwaibisha mtu mbele ya watu.

Sasa fungua mistari kwenye skrini na ujaribu mambo matatu. Apepese macho: utaona milima mikubwa kwenye elektrodi za mbele. Akaze meno: mistari itajaa manyoya. Afumbe macho sekunde 20 huku ametulia: elektrodi za nyuma ya masikio zianze kuonyesha mawimbi yaliyopangana, kama kumi kwa sekunde. Ukiliona hilo la tatu, umeshinda nusu ya safari. Usipoliona, usiende hatua ya 5. Rudi kwenye maji na kitambaa.

5. Geuza mawimbi kuwa namba moja.

Kwa kila mkanda, fanya hivi mara nne kwa sekunde:

Chukua sekunde mbili za mwisho, yaani sampuli 512. Chuja, ubakize 1 hadi 40 Hz (yaani mara kwa sekunde), na uondoe 50 Hz ambayo ni mlio wa umeme wetu wa ukutani. Ukikuta popote mawimbi yamezidi mikrovolti 100, kitupe kipande hicho: ni kope au taya. Kilichobaki kipitishe kwenye FFT, hesabu inayotenganisha mawimbi kufuata kasi yake. Jumlisha nguvu za 8 hadi 12 Hz, gawanya kwa jumla ya 4 hadi 30 Hz. Jibu ndiyo alfa yako.

Kwa nini kugawanya? Mwanzoni tulitumia nguvu ya alfa peke yake. Kijana mmoja mjanja akagundua kwamba akisaga meno polepole upepo unavuma kama wa kusi. Alishinda mechi tano mfululizo huku shingo imemsimama mishipa. Misuli ya taya humwaga umeme kwenye masafa yote, alfa ikiwemo. Ukigawanya, msaga meno anajiumiza mwenyewe, kwa sababu sehemu ya chini ya mgawanyo inakua haraka kuliko ya juu.

Mwisho, lainisha: namba mpya iwe 0.8 ya ile ya zamani jumlisha 0.2 ya sasa. Usilainishe kupita hapo, upepo utakuwa uji.

6. Mpime kila mchezaji kivyake.

Alfa ya mtu mmoja inaweza kuwa kubwa mara kadhaa kuliko ya jirani yake, na haimaanishi lolote kuhusu akili wala utulivu wake. Usiwalinganishe. Kabla ya mchezo, kila mwita upepo akae sekunde 45 macho wazi, kisha 45 akiwa amefumba. Chukua namba ya katikati ya kila kipindi. Ya macho wazi iwe "chini", ya kufumba iwe "juu". Wakati wa mchezo:

upepo = (alfa − chini) ÷ (juu − chini)

Ikizidi 1 ikate iwe 1, ikishuka chini ya 0 iwe 0. Hivyo kila mtu anashindana na nafsi yake, na mashindano kati ya ngalawa yanakuwa ya haki.

Wachache utakuta "juu" na "chini" yao havitofautiani hata baada ya kurudia. Baadhi ya watu wako hivyo, alfa yao haionekani vizuri, nao ni wazima kabisa. Mpe unahodha. Na usimwambie mtu yeyote kwamba ubongo wake "mzito" au "mwepesi". Hiki ni kifaa cha kuchezea, hakipimi ugonjwa, na ukianza kutania hivyo mbele ya mzazi hutaalikwa tena.

7. Unganisha kila kitu kwenye seva moja.

Laptopu ya gemu ndiyo seva. Bodi za ESP32 zitume kwa waifai, kwa UDP (njia ya kutuma ujumbe bila kungoja jibu), mara 30 kwa sekunde, ujumbe mfupi kama "A,2011,860": ngalawa, usukani, demani. Programu za ubongo zitume mara nne kwa sekunde: "A,0.62,1", namba ya mwisho ikiwa ni ubora, 1 safi na 0 mbovu. Gemu ichore mara 60 kwa sekunde.

Umeona tofauti ya kasi? Ukichora upepo kila namba mpya inapofika, tanga litaruka kama chura. Gemu iwe na upepo wake unaosogea taratibu kuifuata namba iliyofika. Na ubora ukiwa 0, usiangushe upepo hadi sifuri. Shikilia namba ya mwisho kwa sekunde mbili, kisha uivute polepole kuelekea 0.5 huku taa ya njano ikiwaka pembeni ya ngalawa. Mchezaji akose kidogo kwa sababu ya mkanda, asipoteze mechi.

Kama una laptopu tatu, kila mkanda upewe yake na ya tatu iwe ya gemu. Moja inatosha, ila Bluetooth ya mikanda miwili kwenye mashine kuukuu ina visirani vyake.

8. Pima mizani kati ya kichwa na mkono.

Sisi tumefika hapa baada ya kubishana sana: kasi = (0.35 + 0.65 × upepo) × demani. Hiyo 0.35 ni upepo wa bure, kila ngalawa inaupata hata mwita upepo akiwa na mkanda mbovu. Ukiiweka sifuri, timu yenye mawimbi mabaya inakaa Msasani mechi nzima, na hakuna anayerudi kucheza. Ukiipandisha hadi 0.8, ubongo unakuwa pambo. Demani iliyolegea kabisa iwe 0.4, iliyokazwa iwe 1, na iliyokazwa wakati wa tufani ipindue ngalawa.

9. Tunga sheria za kusema na kunyamaza.

Mwita upepo haongei. Si adabu tu: kuongea, kucheka na kutafuna bazoka vyote ni taya, na taya inaua mawimbi. Lakini anasikia. Basi mazungumzo yote ni ya upande mmoja, "vuta, vuta, haya legeza, legeza ndugu yangu!", na yeye anajibu kwa kamba.

Utakachokiona baada ya mechi mbili tatu ni kwamba nahodha mpiga kelele anaharibu upepo wake mwenyewe. Akifoka, mwenzake anashtuka, anafumbua macho, alfa inakufa, tanga linanywea. Anajifunza kunong'ona. Jambo hilo hatukulipanga, lilijitokeza, na sasa ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu wakiniuliza kwa nini nisitumie kitufe cha "fumba macho" badala ya mkanda wa fedha nyingi, huwaonyesha kina mama wawili marafiki wakicheza.

Wakishazoea, kuna ngazi ngumu: mwita upepo afumbe macho mechi nzima, na upepo apunguze kwa kuhesabu kimoyomoyo kutoka 100 akitoa 7 kila mara. Kwa wengi alfa hushuka wakihesabu. Kwa wengine haishuki, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuiahidi.

10. Jidanganye kwa makusudi.

Wengi hupenda kuiruka hatua hii. Rekodi upepo wa mechi za jana. Leo, kwa idhini ya mchezaji, cheza raundi kumi: tano kwa upepo wake halisi, tano kwa rekodi ya mtu mwingine, zikichanganywa bila yeye kujua ipi ni ipi. Kila raundi muulize: huu ulikuwa wako? Akipatia tano, kama mtu arushaye sarafu, basi ubongo wake hauendeshi chochote na gemu yako ni mazingaombwe. Rudi hatua ya 4 na ya 5. Toleo letu la kwanza lilifeli hapa vibaya, na tulikuwa tumeshalionyesha kwa watu. Aibu ile siisahau.

11. Siku ya kucheza na watu.

Mweleze kila mtu kwa maneno ya kawaida: kifaa kinasikiliza tu, hakipeleki umeme kichwani, hakijui unachowaza. Usipoeleza, ataeleza mwingine, na kufika saa kumi utakuwa mchawi. Mtoto avae kwa ruhusa ya mzazi. Futa mkanda kwa spiriti kati ya mtu na mtu, uache ukauke. Dakika kumi kwa zamu zinatosha.

Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mawimbi ya ubongo wa mtu ni taarifa zake. Usiyahifadhi bila sababu wala bila idhini, andika namba badala ya jina, na ukimaliza futa.

Tahadhari mbili zisizo na mjadala

Taa au skrini isimwekemweke kwa kasi. Mwanga unaomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde unaweza kumletea shida mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, kwa hiyo radi ya tufani ichore kama wingu linalong'aa taratibu.

Na kama badala ya mkanda wa Bluetooth unajitengenezea sakiti yako yenye nyaya hadi kwenye laptopu, kamwe usiwe umechomeka chaja ukutani huku mtu amevaa. Betri peke yake, siku zote.

Ikigoma

*Upepo haupandi hata akifumba macho.* Kwanza ngozi, halafu mkanda umelegea nyuma ya sikio, halafu hofu. Mtu anayetazamwa na watu thelathini hatulii. Mgeuze kiti, asubiri, pima upya.

*Mistari yote ni minene na imelingana.* Hiyo ni 50 Hz. Sogea mbali na feni, friji na adapta, chomoa chaja ya laptopu. Kichujio husaidia, umbali husaidia zaidi.

*Mistari inapanda na kushuka polepole kama mawimbi ya pwani.* Jasho. Januari, ndani ya chumba cha mabati saa nane mchana, usitegemee muujiza. Cheza asubuhi au baada ya magharibi, fungua madirisha, feni iwe mbali lakini upepo wake ufike.

*Voliumu inasoma vizuri, waifai ikiwaka inakufa.* Umetumia pini zisizofaa. Baadhi ya pini za analogi za ESP32 hazisomeki waifai ikifanya kazi. Tumia 32 hadi 39 tu.

*Usukani unatetemeka wenyewe.* Ongeza wastani, na gemu ipuuze mabadiliko madogo kuliko 20 kati ya 4095. Ukiona bado, waya wa GND umelegea.

*Ngalawa A inaenda kwa ubongo wa mchezaji B.* Umeacha kompyuta ichague mkanda wa kwanza inaouona. Kila Muse ina herufi na namba zake za mwisho. Ziandike kwenye faili la mipangilio, na ubandike utepe mwekundu na wa bluu kwenye mikanda na kwenye viti.

*Bodi inajizima baada ya sekunde kadhaa.* Pawabenki nyingi hujifunga zikiona umeme unaotumika ni mdogo. Jaribu nyingine, au unganisha kitaa cha kuongeza matumizi.

*Umeme umekatika katikati ya mechi.* Mikanda, bodi na laptopu zote zina betri, kwa hiyo kinachozimika ni projekta na ruta. Hamishia waifai kwenye simu, wote wasogee kwenye skrini ya laptopu, endeleeni. Mechi tamu kuliko zote tulizocheza ilikuwa ya giza, waita upepo hawakujua hata kwamba umeme umekatika.

*Mwita upepo hawezi kuacha kucheka.* Hili sijalipatia dawa. Tunampa upepo wa bure hadi amalize.